Akiba Nayo Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Sisi tuliovuka mpaka na mfuko mmoja na sufuria moja tunaielewa methali hiyo kuliko watu wengi. Lakini nina kazi mbili hapa Nakivale, na kazi hizo zimenifundisha kwamba iko akiba moja inayooza, tena inaoza bila kutoa harufu. Ni akiba ya majibu.

Kazi ya kwanza ni kufundisha vijana kuandika programu za kompyuta, saa za jioni, kwenye chumba chenye kompyuta nne kuukuu na betri moja ya sola. Kazi ya pili ni ukalimani. Mtu akihojiwa, mimi nakaa katikati, nageuza Kiswahili chetu cha Congo kuwa Kiingereza, na Kiingereza kuwa Kiswahili. Watu wanasema kazi hizi hazina undugu. Mimi naona ni watoto wa mama mmoja. Ndugu msomaji, uwe mkaaji wa hapa kama mimi ama uwe umefika na gari la shirika, tableti mkononi, nivumilie kidogo nikuonyeshe.

Tuanzie mashineni, pale ninaposagisha mahindi. Ukutani pamebandikwa kipande cha katoni. Kimeandikwa kilo 1 bei yake, kilo 2 bei yake, hivyo hivyo mpaka kilo 20. Mwenye mashine anajua kuzidisha, si kwamba hajui. Ila foleni ni ndefu, injini inapiga kelele, na watu wanakuja na mizigo ile ile kila siku. Kwa nini azidishe kilo 7 kwa bei mara hamsini kwa siku? Alizidisha siku moja, akaandika, sasa anasoma tu. Katoni ile ndiyo akiba ya majibu.

Mambo haya ni ya zamani kuliko umeme. Mwaka 1614 John Napier wa Uskoti alichapisha kitabu cha majedwali ya logi. Kwa kitabu kama hicho, mtu mwenye namba mbili ndefu hakuwa na haja ya kuzizidisha. Alitafuta logi zake kwenye jedwali, akazijumlisha, akarudi kwenye jedwali kusoma jibu. Mtu mmoja alikuwa ameumia kwa miaka mingi kuhesabu, ili maelfu ya mabaharia, wapimaji wa ardhi na wanafunzi wasiumie tena. Wazee waliosoma sekondari kabla ya kalkuleta kuenea wanakikumbuka kile kitabu chembamba cha majedwali kilichokuwa kinaazimwa darasa zima.

Kompyuta nayo ikapewa daftari lake. Ndani ya programu kuna vipande tunavyoviita fanksheni. Fanksheni ni kama mashine ya kusaga: unatia kitu upande huu, kinatoka kitu upande ule. Mwaka 1968 Mwingereza mmoja, Donald Michie, aliyekuwa akifanya kazi Edinburgh, aliandika katika jarida la Nature kuhusu fanksheni zenye kumbukumbu. Ni mtu ambaye wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa Bletchley Park, pale walipokuwa wakivunja maandishi ya siri ya Wajerumani. Wazo lake ni jepesi. Kabla fanksheni haijaanza kuhesabu, ifungue daftari kwanza. Kama swali hili liliwahi kuulizwa, isome jibu. Kama ni jipya, ihesabu, kisha iandike, ili kesho isihangaike.

Basi, chukua kijiti, uchore chini. Hivi ndivyo ninavyofundisha, maana mchanga hautumii betri.

Chora kijiji cha kufikirika chenye mitaa iliyonyooka. Kutoka nyumbani, kona ya chini kushoto, mpaka bomba la maji, kona ya juu kulia, kuna hatua tatu za kwenda kulia na hatua tatu za kwenda juu. Hurudi nyuma, hushuki. Ziko njia ngapi za kufika bombani? Vijana huanza kufuata kwa kidole, moja, mbili, tatu, halafu wanapotea na kuanza kugombana. Ndipo nawapa kanuni: kwenye kila njia panda, idadi ya njia za kuifikia ni jumla ya zile za njia panda iliyo chini yake na zile za njia panda iliyo kushoto kwake. Ukingoni, chini kabisa au kushoto kabisa, njia ni moja tu. Andika 1 pembezoni kote, kisha jaza: 2, 3, 4, halafu 3, 6, 10, halafu 4, 10, 20. Jibu ni njia 20. Umejumlisha mara 9 tu.

Sasa angalia programu ya kwanza ambayo kila mwanafunzi huiandika. Ni fupi na ni sahihi, ila haina daftari. Inasimama bombani na kuuliza kurudi nyuma: ya chini ni ngapi, ya kushoto ni ngapi? Kila jirani naye anauliza jirani zake, mpaka ukingoni. Katika mchoro wetu mdogo, ile njia panda ya kwanza ya ndani, iliyo karibu na nyumbani, inaulizwa mara 6. Mara zote sita inajibu 2. Hakuna aliyeandika.

Mara sita si neno. Lakini fanya mitaa 15 kwa 15. Njia za kufika bombani zinakuwa 155,117,520, na programu isiyo na daftari inazifikia kwa kujumlisha moja moja mpaka mwisho. Ile njia panda yetu ya karibu na nyumbani inaulizwa mara 40,116,600, na kila mara inajibu 2. Kompyuta yetu ilikaa zaidi ya dakika moja inapuliza feni kama mgonjwa wa pumu. Nikawaambia vijana, fanyeni 20 kwa 20, njia ni 137,846,528,820. Hiyo ni kazi kubwa zaidi ya mara 888. Betri yetu haifiki huko, inazima tukiwa njiani.

Ukiipa fanksheni daftari, ile ya 15 kwa 15 inajumlisha mara 225, basi. Ya 20 kwa 20, mara 400. Jibu linatoka kabla hujatoa kidole kwenye kibonyezo. Katika lugha ya Python, tangu toleo la 3.2 la mwaka 2011, ni mstari mmoja tu unaouweka juu ya fanksheni yako, unaitwa lru_cache. Usipoliambia vingine, daftari hilo lina nafasi ya majibu 128. Likijaa, linafuta lile jibu ambalo halijasomwa kwa muda mrefu kuliko yote. Maana daftari nalo linakula nafasi. Tunalipa kwa nafasi ili tuokoe muda.

Siku moja nilipoeleza zile mara milioni arobaini, msichana wa nyuma aliuliza, "Mwalimu, kwani yenyewe haichoki kuulizwa?" Darasa likacheka. Nikamjibu kwamba kompyuta haichoki, inayochoka ni betri. Lakini swali lake nilitembea nalo mpaka nyumbani, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimetoka kumkalimania mtu anayechoka.

Ni mama mmoja kutoka kwetu. Amenipa ruhusa niandike habari zake, ila jina, kijiji na miaka nimeviacha. Katika muda wa miezi kumi na minne nilimkalimania mara sita, kwa watu sita tofauti, wa mashirika na ofisi mbalimbali. Kila mmoja alikuwa mpole. Kila mmoja alikuwa na fomu yake. Na kila fomu ilianza pale pale: jina, alikozaliwa, jina la mume, mume yuko wapi, alikufa vipi, nani aliona, watoto wangapi. Mara ya pili alilia. Mara ya tatu alijibu kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Mara ya nne aliniangalia mimi, si yule aliyeuliza, akasema, "Mtoto yangu, hii maulizo ni ile ile. Ile ya kwanza waliipeleka wapi?"

Nilitafsiri. Yule afisa akaandika, akasema samahani, akaendelea na swali linalofuata.

Hapa ndugu zangu wa mashirika naomba mnisikilize vizuri. Sisemi mna roho mbaya. Programu isiyo na daftari nayo haina roho mbaya. Kila fomu peke yake ni sahihi. Shida ni kwamba fomu hazisomani, na gharama ya kutosomana hailipwi na fomu. Inalipwa na betri, na betri ni huyu mama. Kifo cha mume wake ni jibu ambalo halitabadilika hata akiulizwa mara elfu. Jibu la namna hiyo, likishaulizwa vizuri mara moja, na kwa ruhusa yake, linastahili kuandikwa na kusomwa.

Mpaka hapo utadhani nataka kila kitu kiwekwe akiba. Ngoja kwanza.

Sharti la akiba ya majibu ni kali. Fanksheni inastahili daftari kama swali lile lile linaleta jibu lile lile, leo na kesho, bila kutegemea kitu kingine chochote cha nje. Njia za mchoro wetu ni hivyo. Lakini fanksheni inayouliza saa ngapi sasa, ukiipa daftari, itakuambia saa nne asubuhi mpaka usiku. Inayorusha dadu itakupa 3 maisha yako yote. Na ile katoni ya mashineni? Dizeli ikipanda, kila namba iliyo ukutani inakuwa uongo kwa mara moja, na namba zenyewe hazijui. Wino ni ule ule, mwandiko ni ule ule. Ndiyo maana nikasema akiba hii inaoza bila harufu. Nyama ikioza utajua. Jibu lililooza linafanana kabisa na jibu zima. Watu wa programu wanajua kwamba kuweka majibu ni rahisi, kazi ngumu ni kujua lini la kulitupa.

Tulipokuwa tukienda kwenye mahojiano ya sita, yule mama alisimama njiani chini ya mti. Aliniambia kuna mtu amempigia simu usiku. Mtoto wake wa pili, yule waliyepotezana usiku wa kukimbia, yule aliyekwisha kumlilia, ameonekana katika kambi nyingine akiwa hai. Miaka yote alikuwa anajibu watoto wanne. Sasa ni watano.

Nilidhani atafurahi tu. Alikuwa anatetemeka. Akaniuliza, "Nikisema watano, hawatasema nilikuwa nadanganya?"

Mkalimani haruhusiwi kumwambia mtu aseme nini. Nilimjibu, "Mama, mimi ni mdomo wako tu. Utakachosema ndicho nitakachosema." Tukaingia. Maswali yakaja kwa mpangilio ule ule ambao mimi nilikuwa nimeshaukariri. Majibu yake pia nilikuwa nimeyakariri. Ningeweza kumjibia nikiwa nimefumba macho, na kwa maswali yote ya mwanzo ningepata sawasawa. Likafika lile la watoto. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Andika tano."

Yule afisa akaangalia kioo cha kompyuta yake, akamwangalia mama, akaangalia kioo tena. "Lakini hapa imeandikwa wanne," alisema.

Wakimbizi wenzangu mnaijua sentensi hiyo. Mnaujua na ule ubaridi unaoingia mgongoni. Kwa sababu hapa kwetu jibu lililobadilika linaitwa jibu linalopingana, na jibu linalopingana lina bei yake. Hivyo watu wengi wamefanya akili yao. Wamejigandisha. Wana majibu ya siku waliyofika, wanayatoa vile vile mwaka wa pili, wa tatu, wa saba, hata kama mjomba aliyekuwa nao amehama, hata kama binti ameolewa, hata kama ugonjwa umepona ama umeingia mwingine. Si kwamba wanapenda uongo. Wameona kwamba daftari linaaminiwa kuliko mdomo, basi nao wanausomesha mdomo kile kilicho daftarini. Mtu anakuwa katoni ya ukutani.

Mama yule hakukubali kuwa katoni. Alieleza simu ya usiku, nani alipiga, alimjua vipi, mtoto ana alama gani. Afisa aliandika. Baada ya wiki kadhaa akaitwa tena. Na kwa sababu kitu kimoja kilibadilika, walianza upya kila kitu: alikozaliwa, mume, alikufa vipi, nani aliona.

Hilo nalo nawafundisha vijana kwa kijiti. Rudi kwenye mchoro wetu wa tatu kwa tatu. Kutoka nyumbani nenda hatua moja kulia na mbili juu. Tuseme mvua imechimba korongo kwenye njia panda hiyo, haipitiki. Andika 0 hapo. Je, tufute mchoro wote? Hapana. Zinazobadilika ni njia panda zilizo mbele ya korongo tu, zile zilizokuwa zinaitegemea. Zihesabu: kati ya njia panda 16, zinabadilika 6, ikiwemo yenyewe. Kumi zinabaki kama zilivyokuwa. Njia za bombani zinashuka kutoka 20 hadi 11, na hukuhitaji kugusa upande wa nyumbani hata kidogo. Akiba nzuri inajua jibu gani linategemea lipi. Mtoto wa tano akipatikana, badilisha hesabu ya watoto, mgao wa chakula, ombi la kuunganisha familia. Kifo cha baba yake hakikuguswa na simu ile. Mwache mama apumzike.

Kwa hiyo ninyi mnaokuja na tableti, ninaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mashine mpya.

Kwanza, someni faili kabla hamjamwita mtu. Mtu akiona umesoma, uso wake unabadilika. Nimeiona mara nyingi kutoka kiti changu cha katikati.

Pili, tenganisheni maswali. Yako ya namna ya logi za Napier: tarehe ya kuzaliwa, kijiji, waliokufa. Hayo msomeeni tu, mumuulize kama yameandikwa sawa. Yako ya namna ya bei ya dizeli: nani analala nyumbani kwako leo, nani anaumwa, nani ameondoka, nani amerudi. Hayo lazima yaulizwe upya, hata kama jibu la mwaka jana liko mbele yenu linang'aa.

Tatu, wekeni mlango wa kubadilisha jibu bila mtu kuogopa. Anayeanza kujua kwamba akiba imeoza ni mwenye maisha hayo, si kompyuta. Akiona kwamba kusema "imebadilika" hakumfanyi mshtakiwa, atakuja mwenyewe kusema, na faili zenu zitakuwa na ukweli zaidi.

Na sisi wakaaji, tuna sehemu yetu. Tusijigandishe. Najua ni rahisi kusema. Lakini jibu la zamani tukilibeba muda mrefu, siku moja tunalisema hata nyumbani, hata kwa watoto wetu.

Juzi niliwapa wanafunzi zoezi. Niliwaambia waandike orodha mbili: fanksheni zinazostahili daftari, na fanksheni ambazo hazistahili kabisa. Orodha ya kwanza ilijaa haraka, hesabu tupu. Kwenye ya pili waliandika saa, dadu, bei ya nyanya, salio la simu. Kijana mmoja Mrundi akaandika neno moja, "Habari?" Wenzake wakamcheka, kwa sababu habari jibu lake linajulikana, ni nzuri kila siku, hilo ndilo la kuweka daftarini kabla ya yote. Yeye akasema hapana. Tunajibu nzuri, sawa, lakini mwenye kuuliza akingoja kidogo, anasikia "ila". Nzuri, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila tumepata barua.

Nilimpa alama zote.